Ukiagizwa Kujiunga na Mpango wa Afya ya Madaktari Marekani: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kutia Sahihi

Daktari anayefanya kazi Marekani anaweza kupokea barua inayomtaka awasiliane na mpango wa afya ya madaktari wa jimbo lake, yaani chombo kinachowapima na kuwafuatilia madaktari wanaodhaniwa kuwa na uraibu au maradhi yanayoathiri kazi, kwa sababu ya pombe, dawa za kulevya, sonona au malalamiko juu ya mwenendo wake kazini. Mipango hii ilienea baada ya Chama cha Madaktari cha Marekani kuchapisha ripoti kuhusu madaktari wagonjwa mwaka 1973, na leo ipo karibu kila jimbo. Barua yenyewe huandikwa kwa upole, hata ukadhani ni mwaliko. Lakini anayekataa huweza kuripotiwa kwa bodi inayotoa leseni, na hapo hiari hubaki jina tu.

Angalia kwanza tarehe ya mwisho ya kujibu, kisha umtafute wakili aliyezoea kesi za leseni za udaktari, kwani wakili wa mikataba ya kawaida hatakufaa sana. Kupitia kwake, uliza kwa maandishi ni jambo gani hasa linalodaiwa, na kama bodi imekwisha kuarifiwa. Madaktari wengi hujutia mazungumzo ya siku ya kwanza, walipomweleza mhusika wa mpango kila kitu kana kwamba ndiye tabibu wao, ilhali maelezo hayo huweza kufika mbali.

Hatua inayofuata ni tathmini, ambayo mara nyingi huchukua siku kadhaa katika kituo kilicho jimbo jingine, kwa gharama yako mwenyewe. Omba uchague kati ya vituo zaidi ya kimoja, na uulize kama kituo kinachokupima ndicho kitakachokulaza, kwa kuwa anayepima hapo ananufaika na jibu. Mwaka 2014 mkaguzi wa hesabu wa jimbo la North Carolina hakukuta dhuluma katika mpango wa huko, ila alionya kwamba ingeweza kutokea bila kugundulika, maana daktari aliyepinga tathmini hakuwa na njia huru ya kusikilizwa.

Mkataba wa ufuatiliaji kwa mwenye uraibu huwa wa miaka 5 kwa kawaida, na ndiyo karatasi ya kusomwa neno kwa neno. Kila siku utapaswa kuangalia kama umeitwa kupimwa mkojo. Kipimo kinachotafuta mabaki ya pombe ni kikali mno, kiasi kwamba vitakasa mikono vya wodini vinaweza kukuponza. Andika ulivyotumia, na matokeo yakikushangaza, omba mara moja kipimo cha damu cha kuthibitisha. Ukitaka kwenda nyumbani, Mwanza au Mombasa, pata kibali cha maandishi kabla ya kukata tiketi.

Ukiwa unatibiwa uraibu wa dawa za jamii ya afyuni kwa buprenofini au methadoni, usikubali kuiacha kwa agizo la mtu asiye tabibu wako bila kumwuliza wakili: mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliikuta bodi ya wauguzi ya Indiana imevunja sheria ya watu wenye ulemavu kwa kuwazuia wauguzi wanaotumia dawa hizo wasishiriki katika mpango wao.

Haki isemwe: utafiti wa madaktari 904 waliokuwa katika mipango hii ulionyesha kwamba asilimia 78 hawakuwa na kipimo hata kimoja kilichoonyesha pombe au dawa za kulevya katika miaka 5, ingawa haukuwa na kundi la kulinganisha.

Mkataba ukiisha, dai barua ya kukamilisha na utunze nakala, kwani fomu za hospitali na za bima zitaendelea kuuliza.