Ngosi si ya saa sita mchana

Mara ya kwanza nilipofika ukingoni mwa Ziwa Ngosi niliona sufuria ya maziwa. Nimepanda kwa magoti na viganja, sketi imelowa matope, nashika mti wa mwisho nichungulie ziwa la baba zangu, na chini yangu kumejaa weupe mtupu wa ukungu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Nikakaa, nikala viazi vyangu vya kuchemsha, nikasubiri, nikashuka. Mara ya pili nilifika saa sita na robo. Weupe uleule. Kabla ya kupanda mara ya tatu ndipo nikamuuliza mzee aliyekuwa akituongoza, "Baba, hili ziwa linanichukia?" Akacheka. "Mama, ziwa linaamka mapema. Wewe ndiye unayelala."

Kwa hiyo ukishindwa kushika yote nitakayoandika hapa, shika hili: uwe umesimama ukingoni kabla ya saa nne asubuhi. Mengine yote, usafiri, viatu, chakula, mimi huyapanga kwa kurudi nyuma kutoka saa hiyo.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Uyole, Mbeya, na nimepanda mara sita sasa. Wageni wa mume wangu wakija kutoka Dar ndio wananipandisha. Ziwa lenyewe liko kwenye safu ya Poroto, kati ya Mbeya na Tukuyu, ndani ya shimo la volkeno. Vibao vingine vimeandika Ngozi, vingine Ngosi, ni mahali pamoja. Kilele cha mlima kinafika kama mita 2,620. Maji yako chini sana, yamezungushiwa kuta za msitu pande zote, urefu wake kama kilomita mbili na nusu, na hakuna mto unaotoka humo. Kina kinapita mita 70.

Msimu kwanza. Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Novemba mpaka Mei njia ni sabuni, wala usijidanganye kwamba wewe ni mkakamavu. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Juni na Julai baridi inauma, lakini anga ni safi. Mimi napenda Septemba.

Kama unatoka pwani, usije na basi la usiku ukaunganisha kupanda siku hiyohiyo. Uyole penyewe ni mita 1,800 hivi juu ya bahari, na ukilala hapa usiku mmoja au miwili pumzi inakaa sawa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alishuka kwenye basi alfajiri akasema, "Shemeji, twende tu, mimi nacheza mpira kila Jumamosi." Tulivyofika nusu ya mlima alikuwa ameshika kiuno kama mjamzito. Kichwa kinamgonga, maneno yamekwisha. Ukiona kichwa kinazidi kuuma na kichefuchefu kinaanza, shuka, ziwa halihami. Ingawa wapo wanaosema lilishawahi kuhama, nitafika hapo.

Saa kumi na mbili asubuhi uwe stendi ya Nane Nane. Panda Coaster yoyote ya Tukuyu au Kyela, kaa karibu na mlango, umwambie konda akushushe Isongole, kwenye kibao cha Ngosi. Mkumbushe tena mkianza kuona mashamba ya viazi pande zote mbili. Konda wa njia hii ana mambo mengi kichwani, magunia, kuku, chenji, na mimi nimewahi kupitilizwa nikarudi kwa miguu.

Ukishuka pale vijana watakuzunguka, kila mmoja ni mwongozaji. Usimdharau hata mmoja, ila usikubali wa kwanza kwa kuwa ni wa kwanza. Salimia, "Mugonile," hata kama Kinyakyusa chako kinaishia hapo, halafu uliza nani amepanda wiki hii. Ukipata mtu mzima, mchukue. Kijana anakimbia, mtu mzima anapanda. Kubalianeni bei kabla hamjaondoka, na msisahau kusema kama bei hiyo ni ya kufika ukingoni tu au mpaka kwenye maji, kwa sababu hiyo ni kazi nyingine kabisa. Msitu ule ni wa hifadhi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kiingilio kinalipwa, na stakabadhi uidai na uitunze.

Kutoka lami mpaka mguuni mwa mlima ni kilomita sita au saba za njia ya mashambani. Bodaboda inakupunguzia sehemu kubwa. Kwenda, panda bodaboda, okoa muda na magoti. Kurudi, tembea, maana jua la jioni linapiga kwenye mashamba na watu wanakusalimu.

Sasa mavazi. Wageni huwa wananiuliza viatu gani, nami nawajibu gambuti. Yale ya kuendea shambani, ya mpira, wanayauza sokoni Uyole. Watalii wanakuja na viatu vya bei kubwa vya kupandia milima, sawa, ni vizuri, lakini gambuti likijaa matope unalisuuza kwenye ndoo na maisha yanaendelea. Vaa soksi mbili, moja nyembamba ndani na nene juu, la sivyo kisigino kitachubuka. Shemeji alikuja na raba nyeupe. Nyeupe, jamani. Alipofika juu hazikuwa na rangi ya kitu chochote kinachouzwa dukani.

Suruali ndefu na mikono mirefu, kwa sababu kuna majani yanayowasha pembezoni mwa njia na mkono wako utatafuta pa kushika bila kukuomba ruhusa. Sweta, mzula, koti la mvua. Nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki usiifungue mpaka ufike juu, kwa maana ukisimama tu jasho linageuka barafu mgongoni. Maji lita mbili kwa mtu. Chakula mimi nabeba viazi vya kuchemsha vya Isongole hukohuko, mayai, karanga na chupa ya chai ya tangawizi. Ndizi mbivu zinapondeka. Mkongojo wa mwanzi muombe mwongozaji, huwa nao tayari. Wewe usikate hata fito moja mle ndani.

Kupanda kwenyewe kunachukua saa moja na nusu kwa mtu wa kawaida, saa mbili ukiwa na shemeji. Mwanzo ni msitu mzito, giza la kijani, migomba ya porini yenye majani makubwa ambayo hata siku moja haitakupa ndizi ya kula. Halafu mianzi. Upepo ukipita kwenye mianzi inalia kama mlango wa zamani. Ukinyamaza unaweza kuona mbega juu, mkia mweupe unaning'inia kwanza, mwenyewe baadaye.

Na kuna kinyonga. Poroto wana kinyonga wao mwenye pembe tatu, mbili juu ya macho na moja puani, kama kifaru cha kuchezea watoto. Mzee alimwona sisi hatujaona kitu, akatusimamisha kwa mkono. Alikuwa kwenye tawi usawa wa kifua changu, kijani chenye madoa, jicho moja linamtazama mzee na jingine linanitazama mimi. Aliinua mguu mmoja, akaufikiria, akauweka palepale alipoutoa. Shemeji alikuwa tayari mita kumi nyuma. Kwao Tanga, anasema, hicho kiumbe hakiguswi. Sikumcheka, hata mama yangu asingekisogelea.

Sehemu ya mwisho ni ukuta. Hapo mkongojo mpe mwenzako, tumia mizizi. Shika mzizi, uvute kwanza uone kama umekaa, ndipo uweke uzito. Mguu uweke pembeni, usiweke vidole mbele. Pumua kwa pua ukiweza. Usimfuate mtu kwa karibu, akiteleza mnakwenda wote.

Halafu miti inaachana na uko ukingoni.

Siku ile ya tatu tulifika saa tatu na nusu. Kulikuwa na kipande cha ukungu upande wa mbali, kimejilaza tu ukutani, na maji yote yalikuwa wazi. Kijani kizito, kama chupa ya soda iliyoshikwa kwenye jua. Wingu dogo likapita, rangi ikawa ya risasi. Jua likarudi, ikawa buluu. Nilielewa kwa nini watu wa huku wanasema ziwa linabadilika likimtazama mtu. Wengine wanaona ramani ya Afrika kwenye umbo lake, na shemeji aliiona kabla hata hajapumzika. Hapakuwa na sauti hata ya ndege. Saa tano kasoro ukungu ulianza kumwagika kutoka upande wa Rungwe, taratibu, na dakika ishirini baadaye sufuria yangu ya maziwa ilikuwa imejaa tena.

Sasa kuhusu heshima. Wasafwa na Wanyakyusa hawaliiti ziwa hili kivutio. Ni mahali pa wazee. Watu huja kuchota maji kwa ajili ya dawa, wengine huacha sarafu. Mama yangu, wa Tukuyu, husimulia kwamba zamani lilikaa kwingine karibu na watu, likawa linawasumbua, mpaka wazee wakachoma jiwe likawa jekundu wakalitupia, nalo likaondoka kwa hasira likaenda kujificha mlimani. Mwingine atakuambia Wajerumani walificha mali humo wakati wa vita. Sikiliza yote, usibishane na mtu aliyekupandisha mlima. Mwongozaji akikuambia usipige kelele, usipige. Akisema tusimame kwanza kimya kidogo, simama. Muziki wa simu zima. Nilipomwambia mama kwamba hatimaye nimeliona, hakuniuliza lilikuwaje. Aliuliza, "Ulilisalimia?" Nikakaa kimya. Tangu hapo nalisalimia, kwa sauti ndogo, najisikia mjinga kidogo lakini nalisalimia.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza: nishuke mpaka kwenye maji? Jibu langu kwa wengi ni hapana. Ni zaidi ya mita 200 za kushuka karibu wima, njia ni mfereji wa udongo na mizizi, na kila hatua unayoshuka utailipa mara mbili kupanda. Mimi nimeshuka mara moja tu, kiangazi kikali, na mzee akiwa chini yangu anaelekeza mguu wangu mmoja mmoja. Nilitetemeka mapaja siku tatu, nikawa nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Ukiamua kushuka, iwe hamjavuka saa nne, udongo uwe mkavu, na mwongozaji awe amekubali kwa moyo, si kwa sababu umeongeza hela.

Ukifika chini, usiogelee. Kingo zinazama ghafla na hakuna wa kukutoa. Na usijilaze kwenye mabonde ya chini karibu na maji eti unapumzika. Ardhi ya Rungwe inapumua gesi ya kaboni dayoksaidi, kuna mahali wilayani inakamuliwa kwa biashara, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia mashimoni bila harufu. Moto wa chini bado upo. Ndiyo maana kampuni ya serikali ya jotoardhi ina mradi wa umeme hapohapo Ngosi. Pumzika sehemu ya juu yenye upepo. Maji ukitaka kuchota, chota kidogo, mwambie mzee kwanza. Ya kunywa ni yale uliyobeba.

Kushuka mlima kurudi ndiko watu wanakoumia, kwa kuwa wameshaona walichokuja kuona na akili iko kwenye chipsi. Geuka, shuka kinyumenyume kwenye sehemu za ukuta kama unashuka ngazi. Kaa chini uteleze kwa makalio pale inapobidi, hakuna anayekutazama, na suruali imeshaharibika. Takataka zote rudi nazo, pamoja na maganda ya mayai.

Mkitoka msituni mlipe mzee wenu vizuri na mwambie "Ndaga fijo," yaani asante sana. Barabarani magari ya kurudi Uyole yanapita mpaka jioni, ila kuanzia saa kumi na moja yanakuja yamejaa, na mtu mwenye matope hadi kiunoni hakaribishwi kwenye kiti. Ndiyo maana nabeba kanga ya kutandika. Ukisubiri gari, kina mama wa pale wanauza viazi kwa ndoo, vikiwa bado na udongo mweusi. Nunua. Shemeji alibeba ndoo mbili mpaka Dar, zile raba akaziacha kwangu, na mwanangu anaziendea shambani.