Jinsi ya kuingia kwenye neo-progu bila kuanzia kwa Marillion

Ukiuliza mtu yeyote hii roki ya neo-progresivu, yaani neo-progu, ile roki ya nyimbo ndefu zilizojaa vinanda ambayo vijana wa Uingereza waliifufua miaka ya themanini, inaanzia wapi atakwambia weka bendi ya Marillion, weka "Kayleigh", basi umemaliza. Mimi nasema usianzie hapo. Si eti wimbo ni mbaya, wimbo ni mtamu na ulifika namba 2 Uingereza mwaka wa 1985, albamu yake Misplaced Childhood ikakaa namba 1 kabisa, lakini ukianzia hapo utadhani hii ni muziki ya mastaa wa redio na asili yake haiko hivyo hata kidogo. Hawa walikuwa vijana wa baa na kumbi za vyuo, wanajirekodia kaseti na kuziuza wenyewe kwa mashabiki wao kabla lebo yoyote ijue majina yao. Kwa hivyo ukitaka kuwaelewa anza na laivu na zile bendi ndogo, halafu studio, wakubwa utarudi kwao baadaye, hawaendi mahali.

Na kama wewe ni mtu wa Kisumu ama Nakuru usitishwe na urefu wa nyimbo. Watu wanalalamika ati wimbo wa dakika ishirini ni adhabu, na ni haohao Jumapili jioni wanakaa na "Mario" ya Franco mpaka mwisho bila kuguswa, na hiyo inapita dakika kumi. Sikio lako tayari linajua wimbo unaweza kuanza polepole, mtu akueleze shida zake, halafu magitaa yafunguke kwenye sebene na kila kitu kibadilike. Progu, yaani roki progresivu, ni hiyo hiyo, tofauti tu ni kwamba sebene inaweza kuja mara tatu, na ikija mdundo unahesabiwa saba badala ya nne, sasa ukijaribu kucheza unajikuta mguu umebaki hewani.

Historia nitapita haraka. Miaka ya sabini mwanzoni bendi za progu kama Genesis, Yes, Camel, Van der Graaf Generator na wenzao walikuwa juu. Muimbaji Peter Gabriel akatoka Genesis 1975, punki, ile roki fupi ya kasi na hasira, ikaingia 1976 na 1977, na ghafla mtu wa kupiga solo ndefu ya kinanda akawa kichekesho kwa magazeti ya muziki. Kuna bendi inaitwa England ilitoa Garden Shed 1977, albamu safi sana, imejaa melotroni, kile kinanda cha kanda za sauti, lakini ilitoka mwaka mbaya na ikamezwa. Hiyo itafute siku moja, ni kama daraja kati ya wazee na vijana.

Sasa wale vijana waliokuwa shule wakati Genesis wanatoa Selling England by the Pound 1973 wakakua, na kitu watu hawasemi sana ni kwamba hawa pia walipitia punki. Walipenda nyimbo ndefu za Genesis lakini kutoka kwa punki walijifunza kwamba hungoji lebo ikupigie simu, unajitolea kazi yako mwenyewe. Hapo ndipo neo-progu ilizaliwa, kati ya hayo mawili. Na angalia wanakotoka: Twelfth Night walianzia Chuo Kikuu cha Reading 1978, Pendragon wanatoka Stroud mwaka huohuo, Marillion Aylesbury 1979, Solstice Milton Keynes 1980, IQ Southampton 1981, Pallas hao ni wa Aberdeen kule juu Scotland. Hakuna hata mmoja wa London! Wote ni watu wa mashambani kiaina, walikuwa wanakuja tu jijini kupiga kwenye klabu ya Marquee pale Wardour Street halafu wanarudi kwao usiku, na mtu yeyote wa Magharibi mwa Kenya ambaye amewahi kuambiwa muziki wa maana uko Nairobi ataelewa hiyo bila kuchorewa. Redio nayo ilisaidia, Tommy Vance alikuwa na kipindi cha roki BBC kila Ijumaa, Marillion walipata nafasi huko 1982 wakiwa bado hawajatoa rekodi na lebo kubwa ya EMI.

Haya, sasa tuanze kazi yenyewe.

Kabla hujaskiza chochote tafuta hedifoni za maana. Si lazima ziwe za bei kali, ila ziwe na besi, kwa sababu hawa jamaa walirithi kutoka kwa Genesis ile mashine inaitwa Moog Taurus, kinanda cha besi kinachokanyagwa na mguu, na ukiskiza kwa spika ya simu hiyo sauti haipo kabisa, unabaki na kinanda chembamba kinalia kama kengele ya mandazi na unasema progu ni mbaya kumbe ni simu yako. Ya pili daunlodi mapema. Kama unatoka Kisumu kwenda Nakuru usitegemee mtandao wa njiani, weka albamu kwa simu usiku ukiwa na waifai ya mtu ama bando ya usiku, halafu hiyo safari ni darasa tosha, albamu moja ya hawa watu ni kama dakika arobaini na kitu, inaisha mko Awasi hapo, na bado una Kericho na Mau Summit mbele yako.

Anza na Twelfth Night. Na hapa nataka ufanye kitu kimoja taratibu. Wana wimbo unaitwa "Sequences". Kwanza tafuta ule uliko kwenye Live at the Target, ilirekodiwa kwa baa inaitwa Target huko Reading na ikatoka 1981. Huo hauna maneno. Ni gitaa, besi, vinanda na dramu, unapanda, unashuka, unapanda tena, na gitaa la Andy Revell limejaa mwangwi mpaka unashindwa kujua ni mtu mmoja ama ni watatu. Skiza mpaka uujue. Halafu sasa weka "Sequences" ya kwenye Live and Let Live, ilirekodiwa Marquee Novemba 1983 ikatoka 1984. Muziki ni uleule, lakini hapa katikati walikuwa wamempata muimbaji Geoff Mann, na Mann ameweka maneno juu, hadithi ya kijana anajiandikisha kwenda Vita ya Kwanza ya Dunia. Zile sehemu ulizokuwa unaona ni gitaa tu linapanda kumbe sasa ni watu wanatolewa kwa mahandaki. Mimi hiyo inanigusa zaidi kwa sababu wazee wa huku Nyanza nao walichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyohiyo na wengi hawakurudi, lakini hata kama hujali historia utasikia tofauti. Mwanamume haimbi vizuri kwa maana ya kwaya, anapiga kelele, ananong'ona, anaigiza, na hiyo shoo ndiyo ilikuwa ya kumuaga, alikuwa anaacha bendi. Baadaye akawa kasisi wa Anglikana na akafariki 1993. Ukimaliza hiyo ndio uende kwa ile ya studio, Fact and Fiction ya 1982, ambayo walijitolea wenyewe, na kwangu mimi hiyo ndiyo albamu muhimu kuliko zote za kizazi hiki, niko tayari kubishana. Ina hasira ya punki ndani ya nguo za Genesis. "We Are Sane" inaanza na sauti nyororo za juu kama za watoto kanisani, halafu inageuka kuwa kitu cha kutisha kuhusu serikali inayotaka raia wote wafikirie sawa.

Kutoka hapo ingia IQ. Wao walianza na kaseti pia, Seven Stories into Eight ya 1982, lakini wewe chukua Tales from the Lush Attic ya 1983. Wimbo wa kwanza, "The Last Human Gateway", unakaribia dakika ishirini, usiukate katikati. Sauti ya kurekodi ni ya bei rahisi na inasikika, na ni sawa, vinanda vya Martin Orford vinabeba kila kitu. Halafu The Wake ya 1985. Baada ya hapo Peter Nicholls, muimbaji, akatoka, akaingia Paul Menel, na mashabiki wengi wanaruka hizo albamu mbili za Menel. Mimi nasema usiruke Nomzamo ya 1987, kwa sababu hilo ni jina la Winnie Mandela, na si kila siku unasikia vijana wa Southampton wakiimba kuhusu Afrika Kusini ya makaburu. Ni ya kipop kidogo, sawa, vumilia. Nicholls alirudi na wakatoa Ever 1993, na Subterranea 1997 ambayo ni diski mbili za hadithi moja, hiyo wacha mpaka uwe na wikendi ya mvua.

Pallas ni hadithi ya kuudhi. Walijirekodia laivu yao Arrive Alive 1981, wakapata EMI, wakapelekwa mpaka Atlanta kurekodi na Eddy Offord, yule aliyefanya kazi na Yes, na kazi yao kubwa ilikuwa mfululizo mmoja mrefu kuhusu Atlantis, ile nchi ya hadithi iliyozama baharini. The Sentinel ilipotoka 1984 vipande vya Atlantis vilikuwa vimekatwa, vikawekwa nyimbo fupi za kuuzia redio. Kwa hivyo ukiitafuta usichukue tu ya kwanza unayoona, angalia orodha ya nyimbo, matoleo ya baadaye ya CD yamerudisha vile vipande, na hayo ndiyo ya kuskiza. Muimbaji wao wa baadaye, Alan Reed, walimchukua kutoka bendi ya Abel Ganz ya Glasgow, na Abel Ganz wenyewe wana kaseti yao ya 1984 inaitwa Gratuitous Flash, kama unapenda vitu visivyojulikana hiyo ni yako. Haze wa Sheffield, wale ndugu wawili kina McMahon, pia usiwasahau.

Kama kelele si mambo yako nenda kwa Solstice, Silent Dance ya 1984. Kuna fidla, kuna mwanamke anaimba, iko na hewa. Halafu ruka moja kwa moja mpaka Sia ya 2020, bendi ni ileile, Andy Glass bado yuko kwa gitaa, muimbaji ni mpya, na kusema ukweli hiyo ya uzeeni ni tamu kuliko ya ujanani, jambo ambalo kwa roki halitokei sana.

Sasa ndio urudi kwa Marillion, na usirudi na "Kayleigh". Rudi na "Grendel", ulikuwa upande wa B wa singo yao ya kwanza "Market Square Heroes" ya 1982, dakika kumi na saba hivi. Watu husema hawa ni wezi wa Genesis, na hapa unaweza kuamua mwenyewe: weka "Supper's Ready" ya Genesis ya 1972, nenda pale karibu na mwisho mdundo unapohesabiwa tisa na kinanda kinazunguka juu yake, halafu weka mwisho wa "Grendel". Utacheka. Ndiyo, wamechukua, hawajaficha. Lakini kisha weka Script for a Jester's Tear ya 1983 na umskize muimbaji wao Fish akiimba kuhusu walevi, wapenzi waliotemana na wanajeshi wa Ireland Kaskazini, na utaona Genesis hawakuwahi kuwa na huo uchungu. Kukopa walikopa, lakini wakanunulia kitu chao. Na ukipenda, ujue mpiga dramu wa hiyo albamu, Mick Pointer, alifukuzwa mwaka huohuo, akakaa nje ya muziki miaka mingi, kisha 1995 akaanzisha Arena pamoja na Clive Nolan wa Pendragon. The Visitor ya 1998 ndiyo ya kuanza nayo.

Pendragon wenyewe wana The Masquerade Overture ya 1996, ni sukari tupu, wengine itawashinda.

Kuhusu kupata hizi vitu, nyingi ziko YouTube, lakini baadhi ya hizi bendi zinajiuzia Bandcamp na huko unaweza kulipa na ile kadi ya Visa ya M-Pesa. Nunua hata moja. Ni watu wanaojitolea rekodi mpaka leo, Pendragon wana lebo yao Toff, IQ wana yao Giant Electric Pea, pesa yako haipotelei kwa ofisi ya mtu.

Na ukishamaliza Waingereza usirudi nyuma, toka nje. Japani kuna Pageant, La Mosaïque de la Rêverie ya 1986, na muimbaji wao Hiroko Nagai anaigiza kuliko Fish. Hungary kuna Solaris, albamu yao ya 1984 haina maneno kwa hivyo lugha si shida. Poland kuna Collage, na kila mtu atakutuma kwa Moonshine ya 1994 yenye kava ya mchoraji Beksiński, na ni kweli ni kubwa, lakini anza na ile ya kwanza, Baśnie ya 1990, imeimbwa Kipolandi mwanzo mpaka mwisho. Hutaelewa neno hata moja, na sisi ambao tumeimba Kilingala maisha yetu yote bila kujua maana hatuwezi kutoa hiyo kama kisingizio.