Kusaka mtu usiku kwa helikopta ya polisi: kamera itangulie, taa ifuate

Kuwasha taa ya msako mara tu helikopta inapofika eneo la tukio ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika kazi hii. Anayesakwa anajua papo hapo mnatafuta wapi, na macho ya askari walio chini yanapoteza mazoea ya giza, ambayo huchukua kama nusu saa kurudi kikamilifu. Gawanya kazi hivi: kamera ya joto itafute, miwani ya kuonea usiku imsaidie rubani asigonge kitu, na taa iwaonyeshe walio chini kile ambacho tayari mmekipata.

Kabla ya kuruka

Washa kamera kwanza. Kamera yenye kihisi cha kupozwa hufanya kazi kihisi kikiwa karibu na nyuzi −196 za Selsiasi, na mtambo wake wa kupoza huhitaji dakika kadhaa kufika huko. Taa ya msako ya zenoni (balbu yenye gesi hiyo) ya wati 1600 isubiri jenereta iwe inazalisha umeme, kwa kuwa kwenye mfumo wa volti 28 inavuta zaidi ya ampia 60. Jenereta ikifa angani, taa ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Miwani hurekebishwa ardhini, gizani, jicho moja baada ya jingine. Sawazisha kimo, mwinamo na umbali kati ya macho mpaka uone duara moja kamili. Lenzi ya mbele iweke kwa vitu vya mbali. Kisha zungusha pete ya diopta, ile inayorekebisha lenzi ya upande wa jicho, kinyume cha saa mpaka picha ififie, irudishe polepole, na usimame pale inapokuwa kali kwa mara ya kwanza. Ukipitiliza, jicho litalazimika kujikaza muda wote na kichwa kitauma kabla ya zamu kuisha.

Kulinganisha taa na kamera ndiko kunakopuuzwa zaidi. Taa ikiunganishwa ili ifuate kamera, miale yake na macho ya kamera lazima vielekee sambamba. Tuseme viko mita 1.5 mbali kwa mbali na fundi amevilinganisha kwenye ukuta ulio mita 30. Hapo hangani, kwenye banda la ndege, vitaonekana sawa kabisa. Kwa shabaha iliyo mita 600, kitovu cha mwanga kitakuwa kimepotoka kwa zaidi ya mita 28, wakati mwanga unaotawanyika kwa pembe ya nyuzi 4 una nusu kipenyo cha mita 21 tu hapo. Yaani mtu anaonekana kwenye skrini na mwanga haumgusi. Linganisha kwa kitu kilicho mamia ya mita mbali.

Kutafuta kwa kamera

Anza na picha pana, sogeza karibu pale tu kitu kinapokutia shaka. Badilisha mara kwa mara kati ya “joto jeupe” (chenye joto huonekana cheupe) na “joto jeusi” (huonekana cheusi): kinachojificha katika mpangilio mmoja mara nyingi hujitokeza katika mwingine. Moto au bomba la moshi la injini likiingia kwenye picha, marekebisho ya kujiendesha yatajipanga kulingana na hilo na vingine vyote vitafifia. Kiondoe kwenye fremu, au weka viwango kwa mkono.

Asubuhi na jioni kuna vipindi ambapo halijoto ya ardhi, mawe na majani hukaribiana, na picha inakuwa bapa. Mapema usiku, lami na mawe yaliyopikwa na jua mchana kutwa bado yanang'aa kuliko mtu. Majani mazito huziba joto, kwa hiyo endelea kuzunguka: pembe ikibadilika, upenyo hupatikana. Aliye majini huonyesha kichwa tu. Na kamera hizi hazioni ndani ya gari kupitia kioo, hata kama filamu zimewaaminisha watu vingine. Zinachoonyesha vizuri ni boneti, breki na matairi ya gari lililoegeshwa sasa hivi.

Miwani ya rubani

Upana wa eneo inaloonyesha kwa kawaida ni pembe ya nyuzi 40, hivyo kichwa kisitulie. Nyaya za umeme ni adui mkubwa kwa sababu mara nyingi hazionekani. Tafuta nguzo zake. Baadhi ya taa nyekundu za LED juu ya minara hukatwa na chujio la miwani na hazionekani kabisa, kwa hiyo chungulia pia chini ya miwani kwa macho matupu.

Taa nyeupe ikiwaka, miwani hujipunguzia nguvu yenyewe, na kila kilicho nje ya mwanga huwa cheusi, pamoja na upeo wa macho. Ndiyo maana anayewasha hutamka “taa” na kungoja rubani aitikie.

Kumulika

Kwa mita 300, mwanga wa nyuzi 4 hutengeneza duara la mita 21 hivi. Wa nyuzi 20, mita 106. Nguvu ileile inasambaa juu ya eneo kubwa mara 25 hivi, basi usishangae kila kitu kikionekana hafifu. Ukirudufu umbali, mwangaza unabaki robo. Kwenye ukungu, vumbi au mvua, mwanga hurudi usoni mwenu: zima, au badilisha pembe.

Mulika mbele ya askari, usiwamulike wao. Helikopta inapozunguka, vivuli vya miti navyo huzunguka na hufanana sana na mtu anayekimbia. Hakikisha kwenye kamera kabla ya kutangaza redioni. Usielekeze mwanga kwa madereva wala ndege nyingine.

Chujio la infraredi, linalopitisha tu mwanga usioonekana kwa macho, hufanya mwanga wa taa uonekane kwa miwani tu. Kamera ya joto haiuoni, kwa kuwa inasoma mawimbi marefu zaidi. Kwa karibu mwanga huo ni hatari kwa sababu jicho halipepesi kujikinga na kisichoonekana.

Usizime na kuwasha ovyo. Kila mwasho hula elektrodi, yaani ncha za chuma ndani ya balbu. Ukishazima, acha feni iendelee kwa muda uliotajwa kwenye mwongozo. Ardhini usiiwashe ikielekea nyasi au turubai lililo karibu, maana inaunguza.

Balbu ya zenoni ina shinikizo kubwa hata ikiwa baridi. Anayeibadilisha avae kinga ya uso na glavu, na asiguse kioo kwa vidole: mafuta ya ngozi hukidhoofisha kikipata joto, na balbu inaweza kupasuka. Alama ya kidole ikibaki, ifute kwa spiriti safi kabla ya kuiwasha.