Mapafu yakijaa maji: dawa za saa ya kwanza

Muketishe mgonjwa, miguu ining'inie kitandani. Usimlaze. Oksijeni mpe ikiwa oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu) inasoma chini ya asilimia 90. Hapa Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hata mzima anaweza kusoma 94. Weka silinda karibu, maana umeme ukikatika mashine ya oksijeni inanyamaza.

Furosemide, dawa ya kukojolesha, ndiyo ya kwanza. Asiyewahi kuimeza: miligramu 40 kwenye mshipa, yaani ampule mbili za 20, polepole kwa dakika mbili (ikisukumwa haraka inaweza kudhuru masikio). Anayeimeza kila siku: mpe mshipani angalau kipimo chake cha siku nzima. Kisha pima mkojo, usikisie. Kama ndani ya saa sita hafikishi mililita 100 kwa saa, ongeza kipimo maradufu.

Namba ya juu ya presha ikizidi 110, weka isosorbide dinitrate (nitrati, dawa ya kutanua mishipa) miligramu 5 chini ya ulimi, upime tena baada ya dakika tano hadi kumi. Muulize kwanza, faraghani, kama amemeza dawa ya nguvu za kiume: zikikutana, presha huporomoka.

Namba hiyo ya juu iko chini ya 90, mikono baridi, jasho? Hapo nitrati hapana. Tafuta dobutamine, dawa ya kuupa moyo nguvu, na umhamishe.

Kosa tunaloliona sana ni seramu (maji ya dripu) inayotundikwa kwa mazoea, lita nzima. Huyo tayari anazama. Sindano ya mshipani ifunge kwa kizibo tu.