Kidonge cha Mafua Kilichonipotezea Mwaka: Mzio wa Chavua Ujerumani

Miaka miwili ya kwanza Ujerumani sikusumbuliwa na pua wala macho, na ndiyo maana majira ya kuchipua ya mwaka wa tatu yaliponikuta ndani ya tramu nikibubujikwa na machozi bila kufiwa na mtu, niliamini kwamba nimeshikwa na mafua. Wengi wetu tunapitia njia hiyo hiyo. Mwili hauikatai chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo, siku ya kwanza unapokutana nayo. Huisoma kimya kimya msimu baada ya msimu, huitengenezea silaha, kisha siku moja huanza vita na kitu ambacho hakikuwa na nia ya kumdhuru mtu. Kwa hiyo ndugu anayesema, “Nimekaa hapa miaka mitatu, ningekuwa na aleji ningeshaijua,” asijiamini mno. Mafua huja na uchovu na koo linalouma, na baada ya wiki moja hivi huondoka. Mzio huwasha: huwasha macho yote mawili, pua na hata kaakaa, kamasi huwa nyepesi kama maji, na hali hiyo hudumu wiki nyingi.

Hatua za kawaida hazina fumbo. Unakwenda kwa daktari wako wa kila siku, yaani Hausarzt, anakupa barua ya rufaa iitwayo Überweisung, nawe unatafuta miadi kwa mtaalamu wa mzio, ambaye mara nyingi ni daktari wa ngozi au wa masikio, pua na koo. Ukikwama, namba 116117 husaidia kutafuta miadi. Tafuta mapema, kwa sababu utasubiri miezi.

Mimi nilisubiri tangu Oktoba hadi Februari, na hapa ndipo nilipojikwaa.

Siku mbili kabla ya miadi, baridi ilinishika kweli. Shangazi yangu wa Tanga, Mungu ampe umri mrefu, hamruhusu mtu apande ndege bila kumfungia dawa, na katika begi langu mlikuwa na vidonge vyake vya mafua. Mnajua dawa zetu zinavyouzwa: muuzaji hukata ukanda wa vidonge kwa mkasi, huvitia katika bahasha ndogo ya karatasi, huandika 1×3 kwa kalamu, na jina la dawa hubaki dukani kwenye kipande kingine. Changu kilikuwa na herufi nne za mwisho tu. Nilimeza kimoja jioni, kimoja asubuhi, kimoja tena usiku wa kuamkia miadi, nikalala usingizi mzito kuliko kawaida, wala sikujiuliza usingizi huo ulitoka wapi.

Asubuhi muuguzi alinichorea namba kwa kalamu kwenye mkono wa ndani, chini ya kiwiko, akadondosha kitone kando ya kila namba, kisha akachoma kila kitone kidogo tu kwa ncha ya chuma. Kitone kimoja kilikuwa maji ya chumvi, ambacho hakitakiwi kufanya lolote. Kingine kilikuwa histamini yenyewe, kemikali ile ile ambayo mwili huimwaga wakati wa mzio, na hicho hutakiwa kuvimba kwa kila mtu, awe na mzio au asiwe nao. Tulisubiri dakika 15. Mkono wangu ulibaki laini kama sikuguswa. Muuguzi alipapasa kitone cha histamini kwa kidole mara mbili, akainua macho, akauliza kama nimemeza dawa yoyote ya mzio. Nikajibu kwa uhakika wote kwamba sijameza, ni vidonge vya mafua tu.

Vidonge vya mafua tu! Vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kwetu vina parasetamoli pamoja na klofeniramini, ile ile iliyomo ndani ya Piriton, na klofeniramini ni dawa ya kuzuia histamini. Nilikuwa nimeufungia mlango mtihani nilioungoja miezi minne. Barua ya miadi ilikuwa imeonya kwa sentensi moja ya Kijerumani ambayo niliipita nikitafuta saa na anwani. Miadi mpya ilipatikana Juni, msimu wa chavua ya Birke, mti mmoja wa huku, ukiwa umeshapita juu ya kichwa changu, na tiba ya kuuzoesha mwili ikasogea hadi vuli. Mwaka mzima ulikwenda kwa vidonge vitatu.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: kabla ya kipimo cha ngozi acha dawa zote za kuzuia histamini kwa idadi ya siku iliyoandikwa katika barua yako, ambayo kwa vidonge vingi ni siku tatu hadi saba. Hesabu pia dawa za kikohozi, za mafua, za kuzuia kutapika safarini na za usingizi, kwa maana kemikali hizo hujificha humo. Baadhi ya dawa za sonona nazo huzima kipimo, lakini hizo usiziache bila kumuuliza daktari aliyekupa. Dawa ya pua yenye steroidi haiharibu kipimo hiki. Na kama huwezi kukaa bila vidonge, omba kipimo cha damu, kwa sababu hicho hakivurugwi navyo. Narudia tena: kitone cha histamini kisipovimba, kipimo hakijasema lolote, na mtu yeyote akikuambia kwa matokeo hayo kwamba huna mzio, mwonyeshe kitone hicho.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Vitabu huonyesha mkono mweupe wenye madoa mekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huonekana kwa shida, na kinachopimwa ni uvimbe, ambao ukizidi ule wa kitone cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa. Mpimaji akitazama kwa mbali na kusema haoni kitu, mwombe kwa adabu apapase na apime kwa rula.

Wenyeji hawa nao wana mambo yao. Mjerumani atapenga kamasi mezani kwa kishindo cha tarumbeta na hakuna atakayegeuka, lakini wewe ukivuta kamasi mara tatu ndani ya treni utatazamwa kana kwamba umetukana. Hupanda miti ya Birke kando ya barabara kwa kuwa ni mizuri, kisha idara yao ya hali ya hewa, DWD, hutoa utabiri wa chavua za aina nane ili watu wajihadhari na miti hiyo hiyo. Hata hivyo nawasifu kwa jambo moja: hapa kupiga chafya miezi mitatu ni ugonjwa unaotibiwa, ilhali kwetu mgonjwa huambiwa ajifukize, apake mafuta ya habasoda na aache kujidekeza.

Tiba yenyewe ya kuuzoesha mwili, Hyposensibilisierung, si jambo jipya: Leonard Noon aliichapisha London mwaka 1911, akiwa amewachoma wagonjwa dondoo la chavua ya nyasi. Unapewa kile kile kinachokudhuru kwa kipimo kidogo kinachopanda, kwa sindano ya mkononi au kwa vidonge na matone chini ya ulimi, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Bima ya afya ya umma hulipia, ingawa vidonge vya kawaida vya mzio mtu mzima hujinunulia mwenyewe. Kila baada ya sindano unakaa kliniki dakika 30, wala usitoroke kwa sababu ya zamu ya kazi. Pumu isiyotulia huizuia, na haianzishwi wakati wa ujauzito. Kwa chavua ya miti huanzishwa vuli, na safari ndefu ya nyumbani lazima daktari aijue mapema, kwa sababu pengo likiwa kubwa kipimo cha dawa hurudishwa nyuma.

Shangazi sasa ananitumia matone ya macho. Nimemwomba, kwa heshima zote, aache. Matone yenye steroidi yanayouzwa bila cheti hutuliza macho siku hiyo hiyo, lakini yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Akitaka kutuma dawa yoyote, atume boksi zima lenye jina.

Na kama unapiga chafya hata ukiwa likizo nyumbani, mwambie daktari. Ukoka wetu si ndugu wa karibu wa nyasi za Ulaya Kaskazini, na sindano iliyotengenezwa kwa nyasi za huku usitarajie ikulinde uwanjani kwenu Tanga.