Namna ya kuchelewesha chokaa kwenye mishipa ukiwa na ugonjwa wa figo

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu. Mgonjwa mpya huniuliza habari za maji na chumvi. Fosfeti, madini yaliyomo kwenye vyakula vingi, haulizi, na mimi huanzia hapohapo.

Figo zikichoka, fosfeti hubaki kwenye damu. Ikizidi, seli za misuli za ukuta wa ateri hugeuka tabia na kuanza kujenga chokaa kama seli za mfupa. Kwa hiyo usifikirie ukoko wa birika unaoweza kukwanguliwa. Chokaa ikishaingia ukutani, hakuna dawa iliyothibitika kuiondoa. Mshipa hukakamaa, presha ya juu hupanda huku ya chini ikishuka, na moyo ndio unaobeba mzigo.

Anza na lebo za vyakula. Fosfeti iliyotiwa kiwandani hufyonzwa karibu yote. Ile ya maharage na nafaka nzima hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, maana imefungwa ndani ya faiteti, kemikali ya mimea ambayo tumbo haliimeng'enyi vizuri. Huwa nakereka mtu anaponyimwa maharage kabisa, halafu soseji na soda nyeusi zikabaki mezani! Tafuta namba za viongezo: E338 hadi E341, E450 hadi E452, au neno lolote lenye "fosfeti" ndani yake. Kiasi mara nyingi hakiandikwi, basi ukiikuta, rudisha bidhaa rafuni. Nyama ichemshe, umwage maji ya kwanza.

Usiitegemee mashine peke yake. Hata mlo uliodhibitiwa huleta miligramu 800 hadi 1,000 kwa siku, na kipindi cha saa 4 huondoa takriban kiasi hicho hicho. Wengi huja mara 3 kwa wiki, na wiki ina siku 7. Hata kama si yote inayofyonzwa, hesabu haifungi. Ukikatisha kipindi kwa nusu saa ili uwahi nyumbani, unalizidisha pengo.

Vidonge vya kufunga fosfeti vimeze pamoja na chakula. Ukivimeza tumbo likiwa tupu, havina cha kufunga, na kama ni vya kalsiamu, umejiongezea kalsiamu tu. Muulize daktari vyako ni vya aina gani: sevelama na lanthanamu hazina kalsiamu, na mwongozo wa 2017 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unapendekeza dozi za vile vya kalsiamu zipunguzwe. Kalsiamu na vitamini D za kujinunulia, acha.

Unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Inazuia protini inayotegemea vitamini K, ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda mishipa isiote chokaa. Usiiache kwa uamuzi wako, ila uliza kama bado ndiyo inayokufaa. Sigara haina mjadala.

Omba uonyeshwe fosfeti, kalsiamu na homoni ya paratiroidi (inayodhibiti kalsiamu na fosfeti) kwa miezi kadhaa mfululizo. Namba moja pekee haitoshi. Eksirei ya tumbo ya ubavuni huonyesha chokaa kwenye aota, ateri kuu ya mwili, na eko (ultrasaundi) ya moyo huionyesha kwenye vali. Kipimo cha presha kwenye kifundo cha mguu kinaweza kudanganya, kwani mshipa mgumu haubinyiki, hivyo namba hutoka kubwa kupita kiasi.

Ukiona madoa ya zambarau au vidonda vyeusi vyenye maumivu makali mapajani, tumboni au kwenye makalio, njoo siku hiyohiyo, hata kama si zamu yako ya mashine.