Namna ya kuomba faili lako la Stasi

Wenzangu tuliosoma Leipzig, Ujerumani Mashariki, miaka ya 80 hunipigia simu na swali moja: sisi wageni tuna haki ya kuona walichotuandika Stasi, polisi wa siri wa nchi ile? Tunayo. Sheria ya Ujerumani ya Desemba 1991 inampa haki kila aliyeandikwa, awe Mjerumani au Mzanzibari.

Ombi linapelekwa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, iliyokabidhiwa mafaili haya Juni 2021. Jaza fomu, kisha utambulisho wako uthibitishwe. Aliye nje ya Ujerumani anaweza kwenda ubalozi wa Ujerumani. Andika jina kama lilivyokuwa kwenye pasipoti ya wakati ule, na kila anwani uliyokaa, hata dahalia ya miezi mitatu. Usidharau hili. Karatasi zilizobaki zina urefu wa kilomita 111, na majina yetu yaliandikwa kwa masikio ya Kijerumani. Mimi nilipatikana kwa jina la babu.

Kusoma ni bure. Kusubiri kunaweza kupita mwaka.

Siku ya kusoma usiende peke yako. Majina ya watu wengine utayakuta yamezibwa kwa wino mweusi, na watoa habari wana majina ya bandia. Ukitaka jina halisi la mtoa habari wako, unaliomba kwa fomu ya pili. Ijaze siku hiyohiyo.

Mimi sikuijaza. Nilisoma jinsi nilivyolia nilipopata barua ya msiba wa mama, na kwamba usiku ule sikula. Chumbani tulikuwa watatu. Miezi saba niliiweka fomu ndani ya msahafu, na miezi saba hiyo nikamkatia salamu mmoja wao. Mwishowe niliipeleka. Jibu lilipokuja, mtoa habari alikuwa yule mwingine.

Mwaka 1990 wapo waliotaka mafaili yafungwe, wakiogopa visasi. Septemba hiyo wanaharakati waliingia makao makuu ya zamani ya Stasi, mtaa wa Lichtenberg, Berlin, wakagoma kula hadi yabaki wazi kwa wenyewe. Niko upande wao. Faili lililofungwa lingeniacha namshuku asiye na kosa mpaka kaburini.

Kwa marehemu, ndugu wa karibu anaweza kuomba; aambatishe cheti cha kifo na aeleze sababu. Yule niliyemdhania tumemzika Mwanakwerekwe. Mwanawe amejaza fomu wiki iliyopita, nami nimempa anwani zote za dahalia ninazozikumbuka.